Hatua Mbili Nyuma Yangu

Kama umeanza kuunguza maharagwe na majirani ndio wanaokimbilia jikoni kwako kabla yako, keti usome haya. Kama mkono wako mmoja unatikisika ukiupumzisha na unatulia ukiupa kazi, soma. Na kama kuna mtu anasimama nyuma yako mchana kweupe, ukigeuka hayupo, basi wewe hasa ndiye ninayekutaka, maana najua hujamwambia mtu. Mimi pia sikumwambia mtu, na kunyamaza kwangu kulikaribia kunimaliza.

Naitwa Béatrice. Watu wa Munigi, pembeni mwa mji wa Goma, huniita Mama Béa, na wengi wao niliwapokea mimi mwenyewe duniani, kichwa kwanza, katika kituo cha afya nilikofanya kazi ya ukunga zaidi ya miaka ishirini. Mimi si mtu wa maneno laini. Ukunga haufundishi maneno laini.

Ugonjwa wangu ulianzia puani. Nilianza kupika vyakula visivyo na harufu, nikadhani ni viungo vya sokoni vimeharibika. Mume wangu Anselme, anayeuza vipuri vya pikipiki katika mtaa wa soko wa Birere, alionja mboga yangu siku moja akaniuliza, "Béa, sasa unatupikia makaa?" Tulicheka wote. Halafu mwandiko wangu ukaanza kupungua. Kwenye rejista ya uzazi herufi zilianza kubwa, zikafika mwisho wa mstari zikiwa kama sisimizi. Halafu siku moja mama mmoja mwenye uchungu akanishika mkono akilia, "Mama Béa, ju ya nini unanikasirikia?" Sikuwa nimekasirika hata kidogo. Nilikwenda kwenye kioo kidogo cha chumba cha dawa, nikajaribu kutabasamu, nikamwona mwanamke ananiangalia tu. Uso wangu ulikuwa umeacha kazi bila kuniaga.

Nilijipa sababu zote unazozijua: uchovu, uzee unakuja, wasiwasi. Kisha jioni moja volkano ikalipuka.

Mbingu ilikuwa nyekundu upande wa Kibati, na barabara ikajaa watu, mbuzi na magodoro. Katika haraka ile nilibeba vitambulisho, Biblia, na sufuria ya maharagwe iliyokuwa bado moto. Kila mtu alikuwa amejifunga kitenge puani kwa sababu ya harufu ya kiberiti. Mimi nilitembea pua wazi. Binti yangu Clémence, ambaye ni muuzaji katika duka la dawa, akaniangalia.

"Mama, hausikie ile harufu?"

"Harufu gani?"

Akasimama katikati ya barabara, watu wanatugonga mabega, akawa ananitazama tu. Mlima umepasuka na mama yake hasikii hata moshi. Pale ndipo mtu wa kwanza alipojua kwamba mimi ni mgonjwa, na hakuwa mimi.

Kitu nilichokiacha nyumbani ndicho kilichokuja kunisumbua. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa nyumbani kwa baba yake, kwenye udongo wa kwao, ili mtoto awe na mahali. Sasa mama aliyekimbia vita Masisi, anayelala kwenye kiwanja cha kukodi Munigi, atakizika wapi? Udongo wenyewe hakuna, ni mawe ya volkano ya zamani, jembe linaruka. Na hata ukipata ufa, mwenye nyumba akikufukuza kesho umemwacha mtoto wako chini ya jiko la mtu. Kwa hiyo akina mama walinijia na vipande vile vikavu. "Mama Béa, unitunzie. Siku tutarudi kwetu nitakuya kukichukua." Nilivifunga kimoja kimoja kwenye kipande cha kitenge chenye jina la mama, nikaviweka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati. Hakuna aliyenituma. Sikuweza tu kukataa.

Vilikuwa thelathini na kimoja. Tuliporudi Buhene, mtaani kwetu, kutazama nyumba hatukuikuta. Kulikuwa na jiwe jeusi lililokuwa bado linatoa joto, na bati moja limejikunja juu yake. Nilisimama pale nikihesabu majina ya wale akina mama kichwani, na mkono wangu wa kushoto ukaanza kutikisika, na tangu siku ile haukuacha.

Tukahamia Birere kwa Régine, dada mkubwa wa Anselme. Ardhi ilikuwa bado inatetemeka kila siku, vikombe vinagongana kabatini. Asubuhi moja, saa nne hivi, jua limejaa uani, nilikuwa namenya viazi nikajua kuna mtu amesimama mlangoni nyuma yangu, upande wa kushoto. Nikasema, "Karibu." Kimya. Nikageuka. Mlango mtupu.

Sikumwona, na hadi leo sijawahi kumwona. Lakini ukiwa kwenye foleni ya maji unajua kwamba kuna mtu nyuma yako hata kama hajakugusa wala hajasema. Ndivyo nilivyomjua. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama anayesubiri zamu yake, na hilo ndilo lililonitia baridi mwilini. Mkunga hupima kila kitu, kwa hiyo niliinuka nikatembea kutoka kwenye kigoda hadi pale aliposimama. Hatua sita.

Kutoka siku hiyo alikuja karibu kila siku, mchana, hasa nikiwa peke yangu na kazi ya mikono. Sikusema kitu. Anselme na Clémence walinipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, ambaye huja Goma mara chache, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi pamoja na watu waliofunga vichwa na watoto wa kifafa. Alinitembeza, akanigongesha vidole, akaniandikisha jina langu, akatazama zile sisimizi. "Ni Parkinson," akasema. Seli fulani za ubongo zinakufa kabla ya wakati wake. Kuna vidonge vya kusaidia mwili kutembea. Cha kuzuia seli kufa hakipo. Halafu akauliza, "Kuna jambo lingine?"

Yule alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha daktari, hatua sita.

"Hakuna," nikasema.

Mimi! Mimi niliyewaambia wanawake maisha yangu yote kwamba mficha uchi hazai. Niliogopa wataniandika kichaa.

Vidonge vilinisaidia. Mkono ulitulia kiasi cha kushika kikombe. Lakini yule hakuondoka, na Régine ndiye aliyegundua, kwa sababu alinikuta jikoni nikisema, "Ngoja, namaliza."

"Unaongea na nani?"

Nikamwambia. Alikaa chini polepole, akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: "Ni murefu ao ni mufupi?"

Nikafikiri. "Ni mufupi."

Régine akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyesikia habari ya msiba. "Ni ile batoto ya mu mukebe, Béa. Ulibaacha mu moto."

"Batoto bako bazima, Régine. Niliona wengine sokoni."

"Batoto bako bazima. Kwabo njo imekufa."

Kwao ndiko kumekufa, si wao. Nilikuwa nimeshaliwaza hilo mwenyewe, sikuwa nimelitamka tu. Akanipeleka kwenye chumba cha maombi, siku tatu za kufunga, bila chakula, bila maji, bila vidonge. Anselme tulimwambia tunaombea mkono. Siku ya pili mchana niliinuka niende uani, nikafika kizingitini, na miguu ikakataa. Sikuanguka. Nilisimama tu, mguu mmoja mbele, mdomo wazi, mate yanashuka kidevuni na siwezi kuyameza. Waliokuwa wakiimba walidhani ni Roho. Mimi ndani nilikuwa mzima kabisa, nikisikia kila neno, na nikamsikia yule akisogea. Alitoka hatua sita akaja hatua nne, akasimama tena.

Anselme alipoitwa alinibeba mgongoni kama mtoto, akapita nami katikati ya meza za wauza viatu na wauza simu, mchana wa Birere, watu wakitupisha. Alimwambia dada yake mambo ambayo sitayaandika hapa. Tulihama jioni ileile, na ikapita zaidi ya mwaka bila wale ndugu wawili kula sahani moja. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: usiache vidonge hivi ghafla kwa sababu ya mfungo wowote. Meza kwanza, ndipo uombe. Mungu hakasiriki.

Mvua zikaja zikaisha. Clémence akasikia dukani kwake kwamba hospitali moja ng'ambo ya mpaka inajaribu kitu kipya kwa wagonjwa kama mimi. Tukavuka barieri ndogo, kituo cha mpakani, alfajiri, tukapanda basi, mwendo wa saa nne wa milima na kona, na kichefuchefu cha vidonge juu yake.

Chumba cha kungojea kilikuwa cheupe, kisafi, na kila mtu ndani yake alikuwa na uso kama wangu. Hebu fikiria kukaa na watu kumi ambao hakuna hata mmoja anayeonyesha anachohisi, na mikono ishirini inacheza mapajani. Jirani yangu alikuwa mzee mfugaji, muzee Gaspard, mwenye kofia na fimbo, na mkewe pembeni anamfuta mdomo kwa leso. Aliniangalia, kisha akaangalia nyuma yangu, upande wa kushoto. Akasogeza kichwa akanong'ona:

"Mama, wako iko mbali namna gani?"

"Hatua ine," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akagusa bega lake la kushoto kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayegusa mkono wa mwenzake. "Yangu imeshafika hapa."

Jina langu likaitwa.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, Kiswahili chake safi kama cha redioni. Hakunidanganya, na kwa hilo namshukuru. Alisema seli zilizokufa hazirudi. Wanachotafuta ni kulinda zilizobaki. Kuna seli changa ambazo wakizilea kwenye maji zinatoa vitu vyake ndani ya maji yale. Kisha seli zenyewe zinaondolewa, yanabaki maji, na maji hayo yanadondoshwa puani, maana pua ni njia fupi ya kwenda kwenye ubongo. Huenda vile vitu vinazuia seli za ubongo zisife, au visifanye lolote. Wengine wetu tungepewa maji yale, wengine maji ya chumvi tu, na hata yeye hangejua nani kapewa nini. Vidonge vyangu ningeendelea navyo, nikikubali au nikikataa.

"Hizo seli changa munazitoa wapi?" nikauliza.

"Kwenye uzi wa kitovu cha mtoto mchanga. Akina mama wanatoa kwa hiari yao baada ya kuzaa."

Niliinuka. Nilitaka kutoka kwa hasira na heshima zangu zote, nikafika mlangoni, na miguu ikaganda. Nikasimama pale dakika nzima, pengine mbili, mgongo kwa daktari, naye kwa adabu akajifanya anasoma makaratasi. Sijawahi kumkasirikia mtu kwa kunisitiri kama siku ile.

Kwenye basi nilimwambia Clémence: nimeshaunguza vitovu thelathini na kimoja, sasa nivute vingine puani? Akalia hadi mpakani. Hakuwa na hoja. Alikuwa anataka tu mama yake abaki.

Miezi mitatu baadaye nilirudi kwa ajili ya vidonge. Muzee Gaspard alikuwa kwenye kiti kilekile, kofia ileile. Nikamsalimu. Aliniangalia kwa upole kama unavyomwangalia mtu kwenye picha ya wengine. Mkewe akasema polepole, "Anaikalaga vile sasa. Mimi ananiitaga mama mwenye chumba. Asubuhi anauliza ni nani alimuachia ile mwili." Nikaangalia bega lake la kushoto. Alikuwa amelishusha, limelegea, kama la mtu ambaye hasubiri tena mgeni.

Nilielewa. Yule anayesimama nyuma hasubiri zamu ya maji. Akifika, wewe unatoka. Na wangu, nilipoinuka kwenda dirishani kuchukua dawa, alikuwa hatua tatu.

Mvua iliyofuata ilikuja na vita. Watu walishuka kutoka Rutshuru, wakapita Kibati na magodoro vichwani, wakajaza Munigi hadi kwenye mawe mapya, ambako hakuna aliyekuwa amejenga kwa sababu ya joto na woga. Clémence alinipigia simu kutoka dukani: ng'ambo wanapokea wagonjwa wa yale majaribio hadi mwisho wa mwezi, kisha wanafunga. Usiku sikulala. Asubuhi nikipiga mswaki alikuwa hatua mbili. Ningeweza kumpa taulo.

Nikamwambia Clémence anipeleke kambini kwa hao waliokimbia vita. Kama wale watoto ndio wanaonidai, nitaomba msamaha kwa mama zao, hata mmoja, nione kama ataondoka. Tulitafuta kati ya hema za plastiki hadi saa sita, tukampata Mama Riziki, niliyemzalisha binti wa kwanza miaka ile alipokimbia Masisi. Alikuwa amerudi kwao, amelima, amefukuzwa tena. Alikuwa anasonga ugali juu ya mawe matatu, na chini ya mawe matatu ni lile jiwe lililokula nyumba yangu.

"Mama Riziki, nimekuya kuomba musamaha. Kitovu ya Riziki sikuitoa mu nyumba. Volkano iliikula."

Akaacha kusonga. "Volkano gani? Hii?" Akagonga mwamba kwa mwiko.

"Hii."

Nikaona midomo yake inatetemeka, nikajua sasa atanilaani. Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Alicheka hadi majirani wakatoa vichwa kwenye hema.

"Mama Béa! Mara tatu bananifukuza mimi. Kila mahali banasema, murudi kwenu. Sasa mutoto yangu, kitovu yake iko ndani ya jiwe ya Goma. Mulima yenyewe ilimuzikia. Nani atamutoa hapa? Alete jembe, tuone!"

Nikakaa kwenye ndoo yake. Nikamweleza na yale maji ya puani, maana nilikuwa nimeshafunguka. Alisikiliza akigeuza ugali.

"Ile batoto balikufa?"

"Hapana. Bako bazima."

"Na bamama yabo balipenda?"

"Balipenda."

"Sasa unaogopa nini? Kitovu kazi yake si kulisha mutu?" Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wasichana wa mimba ya kwanza. "We njo mukunga, na mimi njo nakufundisha?"

Nilijisikia mwepesi, mwepesi kweli. Nikageuza kichwa kushoto, nikijua sitamkuta.

Alikuwepo. Hatua mbili, juu ya mawe meusi, katikati ya moshi wa kuni, akisubiri. Nilikuwa nimesamehewa na yeye hakuhusika. Hakuwa mtoto wa mtu. Alikuwa ugonjwa, na ugonjwa hauombwi msamaha. Kwa mara ya kwanza niliogopa kitu sahihi. Nikamwambia Clémence, "Piga simu. Waambie nakuja."

Matone ya kwanza niliyapata mwanzo wa kiangazi. Unalala chali, kichwa kinaning'inia ukingoni mwa kitanda, unaangalia dari. Muuguzi aliyekuwa akinihudumia alikuwa na desturi ya kukishika kile kichupa kidogo katikati ya viganja vyake, kama anayeomba, kipate joto kabla ya kunidondoshea. Hakuna kanuni iliyomtaka afanye hivyo. Maji yalishuka kooni na chumvi kidogo. Nikawafikiria wale akina mama wa ng'ambo, nisiowajua, waliosema sawa, chukueni.

Ilitakiwa mara sita, mara moja kila mwezi. Kwenye ya pili Anselme alijifunza kunifungia vifungo vya blauzi. Alianza kutoka chini, akakosea, akarudia, vidole vyake vyeusi kwa oili ya pikipiki, nami nikajizuia kumfokea. Kwenye ya tatu niliganda katikati ya barieri ndogo, kati ya nchi mbili, foleni nyuma yangu, askari anapiga kelele, "Mama, sogea!" Kadiri alivyofoka ndivyo miguu ilivyoshika chini. Mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya akalitua mbele ya vidole vyangu. "Ruka nyanya yangu, mama. Usinikanyagie." Mguu ukainuka wenyewe ukavuka. Sijui ubongo unafikiri nini, lakini kitu cha kuruka unakijua. Tangu hapo natembea na fimbo, na nikiganda naiweka chini mbele yangu naivuka. Jaribu na wewe.

Ya nne, mvua. Ya tano, mabomu yalisikika nyuma ya vilima vya Kibati wakati nafunga mkoba. Ya sita sikuipata. Vita viliingia mjini, mpaka ukafungwa, tukakimbilia kwa Régine kwa sababu nyumba yake ina ukuta wa mawe. Aliufungua mlango, akamtazama mdogo wake, akatupisha tuingie. Siku zile tulilala sakafuni wote, risasi zinapita juu ya bati, na kila saa ya vidonge Régine alitambaa hadi kwangu na kikombe cha maji. "Meza kwanza. Kisha tuombe." Tulikula kwenye sufuria moja.

Siku zote hizo sikupima. Nilijua yupo. Lakini sikugeuka, sikuhesabu, kwa sababu dozi moja ilikuwa imekosekana, na nikikuta hatua moja ningefanya nini, na barabara zote zimefungwa?

Mpaka ulipofunguliwa Anselme ndiye aliyenisindikiza, safari hii alifunga duka. Kiti cha muzee Gaspard alikikalia mtu mwingine. Daktari alinitembeza, akanigongesha vidole, akaniandikisha, akayatazama maandishi, akayalinganisha na ya zamani. Halafu akauliza lile swali la madaktari wote.

"Kuna jambo lingine, mama?"

Anselme alikuwa ameketi kulia kwangu na kofia magotini. Miaka ile yote nilikuwa nimelala kitandani kwake na siri hii. Nikasema, "Kuna mutu nyuma yangu."

Nikawaeleza yote, mlango wa jikoni, sita, nne, tatu, mbili, na bega la muzee Gaspard. Nilisikia kofia ya Anselme ikianguka. Daktari hakushtuka. Alisema wagonjwa wengi wanaye, wachache wanasema, na kwamba ningemwambia mapema angepunguza kidonge kimoja kinachomkaribisha. Nilijiona mjinga wa kwanza Kivu nzima.

"Alifika hatua mbili lini?"

"Kabla ya matone ya kwanza."

"Na sasa?"

"Sijapima. Ninaogopa."

Daktari akainuka, akazunguka meza yake, akaenda nyuma yangu upande wa kushoto. Nilisikia viatu vyake. "Niambie nikifika alipo. Hapa?"

"Uko mbali. Kuya mbele."

"Hapa?"

"Kidogo tena."

"Hapa?"

"Dokta," nikasema, "umesimama ndani yake."

Daktari akaanza kuja kwenye kiti changu, polepole, akihesabu hatua kwa sauti, mbele ya macho ya Anselme. Moja. Mbili. Mkono wake ukanigusa mgongo.

Nikangoja aendelee. Hakuwa na pa kuendelea, alikuwa ameshafika.

"Hajasogea," Anselme akasema.

Daktari alisema bado hajui nilidondoshewa maji gani, wala kama ni maji au ni vidonge au ni mwili wangu mwenyewe, na mimi sikuambii vingine. Alisema, "Hatukuahidi kumfukuza, mama. Tulitaka asimame." Nikalia, uso wangu haukukunjamana hata mahali pamoja, machozi tu yakishuka. Anselme akanifuta kwa kofia yake. Kisha akanishika mkono, akaniwekea fimbo chini mlangoni, nikaivuka, naye yule wa nyuma akaivuka, tukatoka sote watatu kwenda kutafuta basi la kurudi Goma.